Nani Anasifiwa Shuleni?
Kazi ya Bwana James Coleman juu ya wanafunzi, wenzao na wazazi wao



Kila mwalimu amekwisha kuona jambo hili. Mtoto anafika darasani mwezi wa tisa, macho yake yanang'aa, anajibu maulizo yote. Mwezi wa kwanza ameanza kunyamaza. Ukimwuliza neno ambalo unajua hakika kwamba analifahamu, anatazama wenzake kwanza, halafu anasema: «Sijui, Padri». Homa haikumshika, na akili yake haikupotea. Ni nini basi?

Mimi mwenyewe niliona hayo nilipokuwa mwanafunzi wa seminari ndogo. Mwenzetu mmoja alijua Kilatini kutupita sisi sote. Tulimpa jina la kumcheka, tukamwita «Kitabu». Muhula wa pili akaanza kufanya makosa ambayo hata sisi wavivu hatukuyafanya, nasi tukafurahi, tukampokea katika kundi letu. Waalimu walidhani kwamba amechoka. Sisi tulijua ukweli, tukanyamaza. Leo ninapofundisha, kosa lile linanirudia moyoni mara nyingi.

Kuna mtu mmoja wa Marekani aliyetumia karibu maisha yake yote ya kazi kutafuta sababu za mambo ya namna hii. Alihesabu, alipima, aliuliza wanafunzi maelfu na maelfu. Mwishoni uchunguzi wake ulimfikisha mahali ambapo pengine hakupatazamia: kwenye mlango wa shule za Katolika. Yafaa sisi tunaotayarisha mapadri na waalimu tumjue.

I. MTU MWENYEWE

James Coleman alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Bedford, jimbo la Indiana. Alisoma shule ya sekondari mjini Louisville, na huko alicheza mpira wa Kimarekani, ule unaochukuliwa kwa mikono. Basi aliyoyaandika baadaye juu ya sifa za wachezaji hakuyasikia kwa watu tu, aliyaonja. Baada ya vita alijifunza kemia ya viwanda, akapata diploma yake mwaka 1949, akafanya kazi katika kampuni ya Kodak. Lakini moyo wake haukutulia. Aliacha kiwanda, akaanza upya katika Universite ya Columbia mjini New York, ili ajifunze sosiolojia, ndiyo elimu inayochungua namna watu wanavyoishi pamoja. Akapata udaktari mwaka 1955. Alifundisha Chicago, halafu miaka mingi Baltimore katika Universite ya Johns Hopkins, tena Chicago, ambako alikufa mwaka 1995.

Tusisahau ile kemia. Katika sosiolojia pia alibaki mtu wa kupima. Hakupenda kusema: «Vijana wa siku hizi wameharibika». Alitaka kujua: wangapi, wapi, na kwa sababu gani.

II. SHULE KUMI ZA ILLINOIS

Mwaka wa shule 1957-1958, Coleman na wasaidizi wake walichungua shule kumi za sekondari katika jimbo la Illinois. Hazikuwa za namna moja. Nyingine zilikuwa za wakulima, nyingine za miji ya viwanda, nyingine ya mtaa wa matajiri. Moja ilikuwa shule ya Katolika ya wavulana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961, nacho chaitwa The Adolescent Society, maana yake Jamii ya Vijana.

Maulizo yake yalikuwa mepesi. Aliwauliza wavulana: Ungependa kukumbukwa shuleni kwa jambo gani? Kama mchezaji hodari, kama mwanafunzi mwenye akili sana, au kama kijana aliyependwa na wote? Zaidi ya 40 kwa mia walijibu: mchezaji hodari. Waliochagua masomo hawakufika hata theluthi moja. Kwa wasichana pia, kupendwa na wenzao na kuongoza michezo na vikundi vya shule vilipita sifa ya masomo. Na wazazi? Walipoulizwa wangetaka nini kwa watoto wao, wengi sana walisema wanataka mtoto mwenye akili ya masomo. Basi nyumbani neno moja, na uwanjani neno lingine.

Tena aliuliza kila mmoja: Rafiki zako ni nani? Ungependa kufanana na nani? Nani wako katika kundi linalotazamwa na wote? Kwa majibu hayo aliweza kuchora ramani ya urafiki wa shule nzima. Akaona kwamba mchezaji alitajwa na wengi kuliko mwanafunzi mwenye alama nzuri. Aliyekuwa mchezaji na mwenye akili pamoja alisifiwa kupita wote. Lakini aliyekuwa na akili tu, bila mchezo, alikaa mbali na katikati ya ramani.

Coleman alieleza chanzo chake hivi. Hapo zamani kijana alijifunza kazi kando ya baba yake, na sifa yake ilitoka kwa watu wazima. Siku hizi kazi zinataka masomo marefu. Basi tunakusanya vijana mamia kwa mamia, wote wa umri mmoja, miaka mingi, mbali na kazi za wakubwa. Hapo wanajijengea kijiji chao wenyewe, chenye wazee wake, sheria zake na heshima zake. Mwalimu anadhani anasema na mtu mmoja mmoja, kumbe kila mmoja anasikia kwanza sauti ya kijiji chake.

Tukumbuke hasa neno moja la kitabu kile, maana lina uzito kuliko mengine. Coleman alilinganisha akili za wanafunzi, kama zilivyopimwa kwa mitihani ya akili, na alama zao za darasani. Katika shule ambako wanafunzi wenyewe waliheshimu masomo, waliopata alama za kwanza walikuwa kweli wale wenye akili nyingi. Lakini katika shule ambako masomo hayakuwa na sifa, wenye akili nyingi walikwenda kutafuta heshima mahali pengine, na nafasi za kwanza zikachukuliwa na wenye akili ya kadiri waliokubali kufanya bidii. Hasara hiyo haionekani katika karatasi ya matokeo. Wa kwanza anakuwako daima. Swali ni hili: yule angaliyekuwa wa kwanza, yuko wapi?

III. KWA NINI MWENYE BIDII ANACHEKWA?

Mtu aweza kusema: vijana ni wavivu, ndiyo maana. Coleman hakuridhika na jibu hilo. Alisema kwamba katika kumcheka mwenye bidii vijana wana sababu yao, na sababu hiyo tumeiweka sisi wenyewe.

Tazameni. Timu ya shule inapokwenda kucheza na shule nyingine na kushinda, nani ameshinda? Sisi sote. Hata yule asiyejua kupiga mpira anarudi akiimba. Mfungaji ameleta heshima kwa wote. Kwa hiyo wote wanampenda. Lakini siku ya proklamasyo, mkubwa wa shule anaposoma mbele ya wazazi: «Wa kwanza, fulani, wa pili, fulani, wa ishirini na tisa, fulani», aliyepanda juu amewashusha wengine. Nafasi ya kwanza ni moja tu. Akiichukua yeye, mimi siwezi kuipata. Tena mwalimu akiona mmoja amemaliza kazi upesi, anaongeza kazi kwa wote.

Coleman alifananisha jambo hilo na wafanyakazi wa kiwanda. Mmoja akifanya kazi kupita kipimo, wenzake wanamgombeza, kwani wanaogopa kwamba tajiri atapandisha kipimo cha kila mtu. Wanafunzi nao wanajilinda namna hiyo hiyo. Kicheko ni fimbo yao. «Kitabu» wetu wa seminari ndogo alipigwa kwa fimbo hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomshika.

Dawa yake? Coleman hakushauri kufuta michezo, wala kuwahubiria vijana kila siku juu ya faida ya masomo. Alishauri kwamba masomo yapewe namna ya mchezo: shule ishindane na shule, kundi na kundi, katika hesabu, katika mabishano ya maneno, katika elimu ya nchi na ya mambo ya zamani. Hapo mwenye akili anafanya kazi kwa ajili ya wenzake, nao wanamsukuma asome badala ya kumzuia. Alipokuwa Johns Hopkins, yeye na wenzake walitunga michezo ya kufundishia kwa shabaha hiyo.

IV. HESABU KUBWA YA MWAKA 1966

Mwaka 1964 Marekani ilitoa sheria juu ya haki za raia, ili kukomesha ubaguzi wa Weusi. Sheria ile iliagiza pia ichunguzwe kama watoto wote wanapata nafasi sawa shuleni. Kazi hiyo akapewa Coleman. Watoto karibu 600.000 na waalimu karibu 60.000 waliulizwa na kupimwa, katika shule kama 4.000. Habari zake zilitolewa mwezi wa saba 1966, kitabu kizito cha kurasa zaidi ya 700.

Watu wengi walitazamia jibu hili: watoto Weusi wanashindwa kwa kuwa shule zao hazina vitabu, hazina majengo, hazina vyombo. Tofauti hizo zilikuwako. Lakini hesabu ilionyesha kwamba zilieleza sehemu ndogo tu ya matokeo. Lililoeleza zaidi lilikuwa jamaa ambamo mtoto amezaliwa. Na kati ya mambo ya shule yenyewe, lililokuwa na nguvu kubwa lilikuwa wenzake wa darasani: wametoka wapi, wanatumaini nini. Tena mtoto wa maskini anasukumwa zaidi na wenzake na waalimu, kuwa mwema au kuwa mbaya, kuliko mtoto wa matajiri, maana huyu amekwisha kupata nyumbani yanayomtosha.

Wengine wakapaza sauti: «Coleman anasema shule haifai kitu!» Hakusema hivyo. Alisema kwamba ukiongeza matofali bila kutazama watu wanaokaa ndani yake, umeongeza matofali tu. Kwa ajili ya uchunguzi huo, mahakama na wakubwa wengi waliona sababu zaidi ya kuchanganya watoto Weusi na Weupe katika shule moja.

Lakini mwaka 1975 Coleman alitoa uchunguzi mwingine. Alionyesha kwamba katika miji mikubwa, watoto walipochanganywa kwa amri, jamaa nyingi za Weupe zilihamia nje ya mji, na shule zikabaki na ubaguzi kama zamani. Maneno hayo yaliwachukiza wengi, hata marafiki zake. Katika chama cha wanasosiolojia wa Marekani kulikuwa na waliotaka ahukumiwe na chama. Yeye hakuyafuta aliyoyaona. Miaka kadha wa kadha ikapita, na chama kile kile kikamchagua kuwa rais wake. Wanaseminari watazame mfano huo: mtu wa elimu anasema alichokiona, hata kama jana alitumaini kuona kingine.

V. SHULE ZA KATOLIKA NA WAZAZI WANAOJUANA

Mwaka 1980 ulianzishwa uchunguzi mwingine mkubwa, wa wanafunzi karibu 58.000 katika shule za sekondari zaidi ya 1.000, za serikali, za Katolika, na za watu wengine. Coleman na wenzake wawili, Thomas Hoffer na Sally Kilgore, walitoa kitabu mwaka 1982. Walisema kwamba wanafunzi wa shule za Katolika walipata matokeo mazuri kupita wenzao wa serikali, hata ukilinganisha watoto wa jamaa zinazofanana. Tena faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa maskini na wa Weusi.

Wataalamu wengine walibisha sana. Walisema: wazazi wanaolipa ili mtoto asome kwa Wakatoliki ni wazazi wenye juhudi, basi si shule iliyofanya kazi, bali wazazi. Neno hilo lina nguvu, na mabishano juu ya ukubwa wa tofauti ile hayakwisha. Lakini kulikuwa na jambo moja gumu kulipita. Walihesabu ni wanafunzi wangapi waliacha shule kati ya mwaka wa pili wa sekondari na mwaka wa mwisho. Katika shule za serikali waliacha 14,4 kwa mia. Katika shule za watu binafsi zisizo za Katolika, 11,9 kwa mia. Katika shule za Katolika, 3,4 kwa mia.

Kama ada na juhudi ya wazazi ndizo sababu, mbona shule nyingine za kulipa, tena zenye matajiri wengi, zinafanana na za serikali? Mwaka 1987 Coleman na Hoffer walijibu katika kitabu kingine: ni kwa sababu nyuma ya shule ya Katolika kuna jumuiya. Wazazi wanakutana kwenye Misa, kwenye ubatizo, kwenye mazishi. Wanajuana wao kwa wao, na wanajua watoto wa wenzao.

Fikirini watoto wawili, Petro na Yoane, marafiki wa shule moja. Kila mmoja ana baba yake. Kama baba hao wawili hawajuani, Petro anamwambia baba yake: «Wenzangu wote wameruhusiwa kutembea usiku», na Yoane anamwambia wake vile vile, kila baba anadhani yeye tu ni mkali, basi anakubali. Lakini kama baba hao wanajuana, wanaulizana jioni, uwongo unakwisha, na kila mmoja anapata nguvu kwa mwenzake. Tena baba wa Yoane akimwona Petro njiani saa za masomo, atamwuliza. Duara limefungwa, mtoto hana tundu la kutorokea, lakini pia hana saa ya kuachwa peke yake.

Uhusiano huo Coleman aliuhesabu kuwa mali. Kama vile kuna mtaji wa fedha na mtaji wa elimu, kuna mtaji wa kujuana na kuaminiana. Aliueleza katika makala ya mwaka 1988 ambayo imesomwa duniani kote. Humo alitoa mfano wa shule ambako wazazi walinunua vitabu wenyewe. Wakubwa wa shule walishangaa kuona jamaa nyingine zilizotoka Asia zinanunua vitabu viwili viwili. Sababu? Kitabu kimoja kilikuwa cha mtoto, na cha pili cha mama, ili asome naye apate kumsaidia. Mama yule labda hakuwa na diploma, lakini alikuwapo. Na kuna baba mwenye diploma nyingi asiyekaa na mtoto wake hata saa moja: elimu yake ni kama fedha iliyofukiwa chini, haimsaidii mtoto.

VI. NA SISI?

Marekani si Kongo, wala hesabu za Illinois hazipimi vijana wetu. Lakini shule za Katolika ni sehemu kubwa ya shule za nchi yetu. Tangu mapatano ya mwaka 1906 kati ya Roma na serikali ya Kongo ya wakati ule, misioni zilifundisha watoto wengi. Serikali ilizitwaa shule mwisho wa mwaka 1974. Kwa mapatano ya mwezi wa pili 1977 ilirudisha uongozi wake kwa Eklezya. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, na hata shule zetu zilizo katika mapatano zilijaa watoto. Tumshukuru Mungu kwa kila mtoto aliyepata nafasi. Lakini tujiulize: wazazi wa watoto hao, tunawajua? Nao wanajuana? Kama sivyo, neno «Katolika» lililoandikwa juu ya mlango ni rangi tu, na mvua itaifuta. Nguvu aliyoiona Coleman haikuwa katika jina, wala katika vazi la mwalimu. Ilikuwa katika watu wazima wanaosimama pamoja kumzunguka mtoto.

Na Mtaguso Mkuu wa Vatikano II, katika tangazo lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Basi mkutano wa wazazi usiwe wa kusikiliza hesabu za fedha tu. Shirika zetu mitaani zinakusanya jirani na jirani kila juma; ni vigumu nini kuuliza humo: watoto wetu wanasoma wapi, na nani hakuonekana shuleni wiki hii? Mtaji huo haununuliwi dukani. Tunao, lakini mara nyingi tunauacha ulale.

Kwa waalimu nasema: tusiache proklamasyo iwe sifa ya mtu mmoja tu. Darasa ambalo wote wamepita lisifiwe kama timu iliyoshinda. Mashindano ya Génies en herbe, yanayopendwa sana na vijana wetu, yana nguvu ile ile aliyoitafuta Coleman: anayejibu anajibu kwa ajili ya shule yake yote, na wenzake wanampigia makofi. Yasiwe ya wanafunzi wanne waliochaguliwa tu. Kila darasa lipate yake.

Na kwa ninyi waseminari, ndugu zangu, nina neno la mwisho. Seminari ni kijiji kilichofungwa kuliko shule zote za Illinois. Mko pamoja asubuhi na usiku, mbali na wazazi. Mlezi hawezi kusikia kila kicheko. Kwa hiyo mnayemsifu na mnayemcheka, ndiye anayeamua mtakuwa mapadri wa namna gani. Mkimheshimu mjanja, mtapata wajanja. Mkimheshimu anayesoma kwa bidii na kumfafanulia mwenzake aliyeshindwa, mtawapa wakristu mapadri wanaojua kufundisha.

Mwenzetu «Kitabu» hakumaliza masomo pamoja nasi. Sijui kama angalikuwa padri. Ni Mungu ajuaye. Lakini ninajua tulimfanyia nini. Leo jioni, mkiingia chumba cha masomo, tazameni yule anayekaa pembeni na kitabu chake. Nendeni mkae karibu naye.